Gari la Jeilani Lililonuka Papa

Jumatatu, 28 Aprili

Aaliya mwanangu, boti lako limeondoka saa moja asubuhi nami nimerudi nyumbani na hili daftari uliloniachia. Umesema huko bwenini Malindi simu haziruhusiwi, kwa hivyo niandike ya nyumbani muhula mzima, ukirudi Agosti usome usiwe mgeni kwenu. Nikakwambia mimi nilikomea darasa la nne. Ukasema, "La nne latosha, Mama, andika kama unavyosema." Haya basi. Yeo kuku wa jirani yetu Bi Mwanamkisi ameingia jikoni, nimemtoa. Ndiyo ya nyumbani hiyo.

29 Aprili

Mvua. Kuku amerudi.

Ijumaa, 2 Mei

Baada ya chakula ndugu yako Jeilani amesema tusiondoke, ana neno. Nikajua ni mke. Nikainuka nikabadilisha leso, nikarudi nikaketi vizuri. Kumbe ni gari.

Anasema yeye na rafiki yake Ian wa Mombasa wameagiza gari. Si la kupanda yeye, la kuuza. Akiliuza ataagiza jingine, na jingine, mpaka awe mtu wa magari.

"Mama, sikiliza. Soko lote la pwani linataka kitu kimoja. Gari ya familia, milango mine, buti kubwa, watoto waketi nyuma, halafu injini iwe na turbo ikimbie. Na bei isiumize. Hizo hazipatikani. Zilizopo, zinazokimbia ni za matajiri, na za bei nafuu hazikimbii."

"Familia inakimbilia wapi?" nikamuuliza.

"Haikimbilii mahali, Mama. Ila ikitaka, iweze."

Baba yako alikuwa anapiga msasa kipande cha mlango, hata kichwa hakuinua. "Punda wetu ana miguu mine, hubeba familia, wala hana hiyo turbo."

"Punda wako Baba juzi alilala ndiani mbele ya msikiti, imamu akamruka."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Kicheko kikanikauka aliposema fedha zimetoka wapi. Ameuza mashine ya boti lake. Boti alilokuwa akivushia watu Mokowe ng'ambo miaka minne sasa ni ganda tupu.

Baba yako akaweka msasa chini. Akasema neno moja, na unamjua akisema. "Mwisho wa Julai. Likiwa halijauzwa, utakwenda Doha kwa Husni." Huyo ni yule mtoto wa ammi yenu aliyeko ghalani huko, mwaka mzima anamwita.

Jeilani akasema, "Nimekubali."

Mimi hawakuniuliza. Nina mtoto mmoja wa kiume, na wamemweka rehani baina ya gari na ndege.

Ijumaa, 9 Mei

Gari limefika Mokowe. Hapa kisiwani Lamu halivuki, lije lipite wapi, na mtaani petu Mkomani punda wawili wakikutana mmoja hurudi kinyumenyume. Litakaa ng'ambo karibu na gati, chini ya bati la duka la saruji.

Nimevuka mvuani na chetezo changu. Ni zuri, sikatai. Rangi ya zambarau mbivu. Nikafungua milango yote mine nikalifukiza udi, nikasoma nilichonacho, watu wa gatini wakinitazama. Jeilani akasema, "Mama, ingia nikuzungushe mpaka kijiji cha Hindi." Nikaketi nyuma, nikajifunga ule mkanda, nikajifunga na leso juu yake.

Aaliya, nilizisoma sura zote ninazozijua. Zikaisha kabla hatujafika. Nikazirudia kutoka mwanzo.

"Hapo hata sijalikanyaga, Mama," ananiambia.

10 Mei

Mgongo unauma kwa kujikaza.

Jumanne, 13 Mei

Baba yako amepotea tangu alasiri, karudi magharibi na furaha isiyo ya kawaida. Kanzu yake imeingia mlangoni kwa harufu kabla yeye hajaingia. Mafuta ya papa. Nikadhani amepata kazi ya kupaka chombo cha mtu.

"Nilikuwa Mokowe," akasema. "Nimelala chini ya lile gari la mwanao. Nimelipaka."

"Umelipaka mafuta ya papa?"

"Tumbo zima, mpaka ndani ya mbavu. Chochote kinacholala karibu na mai ya chumvi hupakwa. Yeye ameliacha kavu, kusi linapiga, kufika mwezi wa Agosti lingekuwa tundu tupu."

"Na Jeilani umemuuliza?"

"Kwani nilipomtahiri nilimuuliza?"

Kanzu nimeianika juu darini kwenye mvua, na paka watatu wameketi chini yake kama wanaosubiri sadaka.

Jumamosi, 17 Mei

Mnunuzi wa kwanza. Anaitwa Bakr, ni kontrakta wa majengo huko Hindi, kijana mwenye miwani ya jua siku ya mvua. Jeilani alivaa shati lake la Idi. Mimi nilibaki nyumbani nikiomba, kwa hivyo haya ninayaandika kama alivyoyasimulia Jeilani mwenyewe, amejishika kichwa.

Anasema walipoondoka gatini Bakr alikuwa anasifu tu. Viti vizuri. Redio nzuri. Akasema ana wake wawili na watoto watano na anataka kuwapeleka Mombasa na kuwarudisha siku moja. Mkanyago mmoja, gari likaruka. Bakr akacheka kwa raha. Basi wakaenda, injini ikapata moto, na lile tumbo lililopakwa likapata moto pia. Moshi ukaanza kupanda. Kwanza mdogo. Halafu, anasema Jeilani, ikawa kama mtu anakaanga papa chini ya viti.

Bakr akafungua kioo. Akafungua na cha pili. Akauliza, "Bwana, hii ni turbo ama ni jiko?"

Waliporudi Mokowe na kusimama, paka wakaanza kutoka. Wa hotelini, wa gatini, wa kituo cha boti. Jeilani amehesabu kumi na moja. Wawili wameingia chini wakalala. Bakr ameshuka, akavua miwani, akamwambia, "Mimi nina familia, ndugu, sina mnada wa samaki," akapanda pikipiki akaenda zake.

Ndugu yako ameliosha kwa sabuni ya unga, kwa sabuni ya maji, kwa ndimu. Haitoki. Baba yako anasema kama ingetoka kwa sabuni ingekuwa na faida gani.

20 Mei

Mvua. Gari halijauzwa.

22 Mei

Mvua. Gari halijauzwa. Kuku wa Bi Mwanamkisi ametaga ndani ya kikapu changu cha nguo. Yai nimempelekea mwenyewe. Akasema, "Bi Mahfudha shoga yangu, nawe mpelekee mwanao ndia, ana gari hana pa kulipitisha."

27 Mei

Husni ametuma picha ya Doha. Jengo la kioo, na yeye chini yake amekonda kama uzi. Baba yako akasema, "Mwone alivyopendeza." Mimi nimeona mifupa.

Ijumaa, 6 Juni

Idi. Nawe hupo. Nimepika biriani ya watu wachache ikawa ya watu wengi, kwani wamekuja wote kuuliza habari ya gari. Mtaa mzima hawana hata baiskeli lakini kila mtu ana la kusema. Mmoja anauliza tangi linachukua galoni ngapi. Mwingine anataka kujua likizama linaelea. Bi Mwanamkisi kala sahani mbili, akafuta mkono, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "Mimi mume wangu alikuwa anakwenda mbio, na angalia, nimekuwa mjane."

Jeilani alicheka na watu. Ila nilimwona alipoingia ndani kuchukua mai, akasimama kwenye mtungi muda mrefu bila kuteka.

Jumamosi, 14 Juni

Leo nitaandika mengi kwa sababu leo nimefanya kosa.

Alipatikana mnunuzi wa pili. Mwalimu Jabez wa Mpeketoni, mtu mpole, amekuja na mkewe na watoto watatu. Harufu alikwisha ambiwa, akasema yeye ana mafua mwaka mzima haimdhuru. Nikasema safari hii sikai nyumbani, nitakwenda niwapokee wageni. Nikapika mahamri, nikatia chai kwenye chupa, nikavuka.

Ulikuwa mkutano mzuri. Watoto wamekula mahamri ndani ya gari na Jeilani hakusema kitu. Mwalimu aliketi mbele naye, wakawa wanazungumza maneno yao ya injini na nguvu za farasi. Farasi mia mbili sijui na ngapi, Aaliya, humo ndani hamna hata kwato. Mimi na mkewe tulikuwa nyuma na watoto mapajani. Tukaenda mpaka Hindi. Jeilani akakanyaga kidogo kumwonyesha mwalimu. Mwalimu akasema, "Eh, hii sasa ndiyo nimekuwa nikitafuta." Nikaona shingo ya ndugu yako ikilegea kwa furaha. Tangu mwezi wa tano sijaiona ikilegea.

Hapo ndipo yule mama akaniinamia sikioni. "Mama, niambie kweli. Wewe huyu mwanao akiendesha gari hili, unalala?"

Nilikuwa na majibu elfu. Ningeweza kusema nalala. Ningeweza kusema Mungu ndiye mlinzi, likawa neno la kweli na la kuuzia. Lakini ameniuliza mzazi kwa mzazi, na mtoto wake mdogo alikuwa amelala kifuani mwangu na sukari ya hamri mdomoni. Nikasema, "Wallahi silali. Tangu lije silali."

Tulipofika gatini akamwita mumewe pembeni. Sikusikia walichosema, nilimwona tu mwalimu akitazama watoto, akatazama gari, akatazama watoto. Akarudi akampa Jeilani mkono. "Tutafikiria, ndugu yangu." Hata wewe wa shule unajua maana yake.

Kwenye boti la kurudi Jeilani aliketi mbele, amenipa mgongo. Alijua, kwani yule mama alimwambia waziwazi, "Hata mama yako hataki." Tulipokanyaga gati ya Lamu ndipo akageuka. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Mama, nisipouza naondoka, unaogopa. Nikiuza, kuna gari ndiani, unaogopa. Nichagulie khofu moja niijue."

Akatangulia. Nimebaki na chupa ya chai mkononi, imejaa, hakuna aliyeinywa.

15 Juni

Jeilani amekula kwa Bi Mwanamkisi.

16 Juni

Amekula kwa Bi Mwanamkisi. Yule mwanamke hajui kupika wali, huutoa umeshikana. Na mwanangu anaula.

17 Juni

Mvua. Kuku wake amekuja. Nimemfukuza kwa ufagio, na kosa si lake.

Ijumaa, 20 Juni

Nimefikiri siku tano. Nimejiuliza ipi khofu ninayoweza kuilea hapa nyumbani na ipi siwezi. Ya gari naweza kuvuka nikaitazama. Ya Doha nitaitazama wapi, kwenye picha?

Asubuhi nimepika mchuzi wa kamba, wa nazi nzito, nikaijaza sufuria mpaka mdomoni. Nikamfuata ndugu yako gatini. Nikamwambia, "Twende Mokowe. Sitaki kuona linavyokimbia. Nionyeshe linavyosimama."

Akanitazama, akaitazama sufuria. "Na hiyo ya nini?"

"Hii ndiyo shahidi."

Nikaketi nyuma, sufuria pajani, bila kifuniko. Tukatoka. Mvua ilikuwa ya rasharasha. Kufika karibu na Hindi mbuzi wakatokea kichakani, si mmoja si wawili, na mchungaji wao yuko nyuma anazungumza na simu. Nikafumba mato. Gari likainama mbele kama mtu anayerukuu, likasimama. Nilipofumbua, mbuzi wa kwanza alikuwa anatutazama kupitia kioo, anatafuna. Nikatazama leso yangu. Tone moja la mchuzi. Moja, Aaliya, nimelitafuta la pili sikuliona.

Kisha ikaja lori. Unayajua yale malori ya mawe yanayojivuta, moshi mweusi, tope linaruka mpaka usoni. Tukawa nyuma yake. Ule mwaka tulipokwenda Malindi kwa gari la kukodi la mzee yule, unakumbuka? Tulitoka nyuma ya lori kulipita, na lile gari likawa linahema, linahema, lori liko ubavuni halimaliziki, na mbele kuna basi linakuja. Nilikushika mpaka ukalia. Tangu siku ile ndipo nilipoanza kuogopa, naona sasa.

Jeilani alingoja. Akatazama mbele kukawa kweupe. Akasema, "Shika mchuzi." Akakanyaga. Nilisema "Bismi" tukiwa nyuma ya lori, na "llahi" tukiwa mbele yake upande wetu. Hilo ndilo neno lote.

Kisha nikamwambia, "Mimi nilikuuliza familia inakimbilia wapi hukunijibu. Hukujua mwenyewe unachouza. Familia haikimbilii mahali. Inalikimbia lori."

Akacheka mpaka akaliweka gari pembeni. Mchuzi tumeula hapo hapo kwa mkate, na usiku huu amekula nyumbani.

28 Juni

Mvua. Gari halijauzwa, ila sasa nimeanza kulisema kwa watu. Jana nimemweleza muuza mboga habari ya lori mpaka mchicha wake umenyauka.

Jumanne, 1 Julai

Tikiti ya Doha imekuja kwenye simu. Tarehe mbili Agosti. Baba yako alimwambia Husni akate ili neno liwe neno. Nimetoa begi lile kubwa chini ya kitanda nikalipangusa. Nimelirudisha. Nimelitoa tena.

Ijumaa, 11 Julai

Nimegundua jambo. Nilidhani baba yako baada ya jumaa huenda kwa rafiki zake kucheza bao. Yeo Bi Mwanamkisi kaniambia, "Mumeo kila Ijumaa yuko Mokowe, chunguza isije ikawa kaoa." Nikavuka bila kuaga. Nimemkuta amelala chali chini ya gari, miguu tu inaonekana, na paka mmoja amemlalia tumboni. Kumbe Ijumaa nyingine hulifuta chumvi, na yeo anapaka mafuta mkono wa pili, yaani mara ya pili.

"Mahdi," nikamwita, "hilo gari kwa harufu hii halitauzwa, na mtoto ataondoka kwa ajili yako."

Kitambaa kinakwenda, kinarudi. Kisha akasema, "Ataondoka kwa ajili ya neno langu, najua. Nimelisema mbele yake siwezi kulimeza. Lakini kitu alichouzia mashine yake hakitaoza mimi nikiwa hai."

Miaka thelathini nimeolewa na mtu huyu nikidhani moyo wake ni mti mgumu wa bambakofi. Nikamshikia kopo la mafuta. Tumerudi wote wawili tunanuka, na kwenye boti watu wametupa nafasi ya kutosha.

15 Julai

Mvua. Halijauzwa.

18 Julai

Halijauzwa. Nimetia shati mbili kwenye begi.

21 Julai

Nimezitoa, nimezipiga pasi, nimezirudisha.

Alhamisi, 24 Julai

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa tatu asubuhi Jeilani alipigiwa simu. Mtu anaitwa Dawud, anafanya kazi upande wa bandarini, anaishi Hindi na mkewe na watoto wanne. Anataka gari, atakuja na mama yake, kwani yeye hanunui kitu mama yake hajakikalia. Jeilani aliposikia "mama yake" akanitazama. Nikamwambia, "Teleka kamba."

Tukavuka sote watatu, hata baba yako. Sufuria nikaishika mimi.

Dawud ni mtu mfupi, mwenye haya. Mama yake ni Bi Nusra, mzaliwa wa Faza, mkongwe mdogo kama ndege, kajishikiza bakora. Jeilani akaanza maneno yake, farasi, turbo. Dawud hakuyasikiliza. Alipiga magoti kwenye tope akainama akatazama chini ya gari. Akatazama sana. Akaingiza mkono, akakwangua kwa kucha.

"Mbona hakuna kutu?" akauliza.

"Kutu itoke wapi?" baba yako akasema, kama ametukanwa.

Dawud akatusimulia. Gari lake la kwanza liliozea hapa hapa Mokowe kwa chumvi. Siku moja wako ndiani kwenda Garsen mtoto wake akalia kiatu kimepotea. Wakatafuta chini ya viti. Kumbe sakafu ilikuwa imetoboka, kandambili imeanguka barabarani, na mtoto anaiona lami inapita. "Tangu hapo," akasema, "mimi nikionyeshwa gari sitazami juu."

Lakini Bi Nusra alikuwa amesimama pale, pua juu, amefumba mato. Moyo ukaniambia basi, tumekwisha, ataziba pua kama Bakr.

"Nani amepaka?" akauliza.

Baba yako akakohoa. "Mimi, Bi."

"Papa mtupu, ama umechanganya na chokaa?"

"Papa mtupu. Chokaa ni ya chombo kinacholala ndani ya mai. Hiki kinalala nje."

"Mikono mingapi?"

"Mitatu. Wa nne nilikuwa niuweke kesho."

Jeilani akageuka kumtazama baba yake. Hakuwa anajua. Alidhani ni ile mara moja tu.

Yule mkongwe akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesikia hesabu yake imetimia. Akasema, "Baba yangu alikuwa kalafati, akiziba nyufa za majahazi na kuyapaka. Akija nyumbani tukimjua kwa harufu hii kabla hajabisha. Tukijua yuko nchi kavu, tukilala." Akampa Dawud bakora, akaingia kwenye gari mwenyewe, akaketi nyuma. Akapiga kiti kwa kiganja. "Bi Mahfudha, ndoo hapa tuketi. Niambie, linakimbia?"

Hapa Jeilani akaacha kupumua, nimemwona.

"Linakimbia, Bi Nusra, sikufichi. Kila siku mwanangu akilitoa, mimi moyo hunitoka, hurudi naye. Lakini shika hii." Nikamwekea sufuria pajani, bila kifuniko.

Tukaenda. Baba yako amebaki gatini na paka. Dawud ndiye aliyeshika usukani, Jeilani ubavuni mwake, nami sikusoma hata sura moja, nilikuwa natazama mchuzi. Matuta tukayapita. Pale kwenye kizuizi cha polisi tukasimama, askari akachungulia dirishani, akaona vikongwe viwili na sufuria, akanusa, akasema, "Mnapeleka wapi chakula?" Bi Nusra akamwambia, "Tunakipima." Akatufungulia.

Kisha lori. Dawud alikaa nyuma yake, ameshika usukani kwa mikono miwili kama anaombewa. Mbele kukawa kweupe. Hakutoka. Kukawa kweupe tena. Hakutoka. Bi Nusra akatazama tope linavyoruka kwenye kioo, akatazama mchuzi, akasema kwa upole kabisa, "Dawud baba, hili lori tunalisindikiza?"

Dawud akakanyaga.

Tuliporudi Mokowe Bi Nusra akaniinulia leso yake nione. Kavu. Akamwambia mwanawe, "Nimekalia." Wakapeana mikono hapo hapo. Sharti lake lilikuwa moja tu, nalo halikumhusu Jeilani. Baba yako aje Hindi kila kusi likianza, kupaka.

Baba yako amesema ataangalia nafasi yake. Kisha akaingia nyuma ya duka la saruji. Nikamfuata, nikamkuta anafuta mato kwa kitambaa cha mafuta ya papa, yanamwasha, na anasema ni kwa ajili ya mafuta.

Jumamosi, 26 Julai

Mvua imekatika. Wamepiga simu watu watatu wa huko bandarini wanataka gari kama la Dawud: milango mine, likimbie, bei isiumize, na liwe limepakwa. Jeilani anasema neno la mwisho hilo halimo katika soko la nti yoyote duniani. Mwalimu Jabez naye kapiga. Mkewe ndiye aliyemshikisha simu. Ameuliza, "Yule mama sasa analala?" Jeilani akanipa simu. Nimemwambia kweli, kwamba silali, ila sasa nikikesha najua ninakesha kwa jambo gani, na aje tupike kamba.

30 Julai

Ian ameleta gari la pili kutoka Mombasa. Baba yako amevuka na kopo kabla hata mlango haujafunguliwa. Tikiti ya Doha tumeiacha. Husni amekasirika, kisha akauliza bei ya gari.

Ijumaa, 1 Agosti

Kesho ndiyo ingekuwa siku ya ndege. Begi kubwa nimelitia vitambaa vya baba yako vya mafuta, kwa hivyo kwa safari halifai tena, na sikuuliza mtu.

Leo mnafunga shule. Ndugu yako ameondoka alfajiri kuja kukuchukua huko huko Malindi na hilo gari la pili. Nimemwambia aende polepole. Kisha nikampigia tena nikamwambia, isipokuwa kwa malori. Bi Mwanamkisi amemtuma sukari na unga, naye ndiye aliyekuwa anasema hana ndia. Kuku wake yuko jikoni mwangu sasa ninapoandika, nimemwacha.

Nimempigia matroni wenu akwambie usipande basi, ungoje. Akaniuliza, "Mama, leo wazazi wanakuja na magari mengi. La kwenu ni la rangi gani?" Nikagundua hilo la pili sijaliona bado, baba yako alinieleza tumbo lake tu.

Nikamwambia, "Rangi sijui, mwanangu. Mwambie afuate paka."